Nilipima Njia ya Ndege Kati ya Mbeya na Iringa

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kuazima na sweta la shule ambalo mama alikuwa amelitoa nembo kwa wembe. Uwanja wa ndege wa Iringa wakati ule ulikuwa njia ya changarawe, nyumba ya bati yenye vyumba vichache, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unatoka wapi. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimechanika. Mkuu wa Kituo, Mbena mrefu kutoka Njombe aliyeongea taratibu kana kwamba kila neno analitoa mfukoni, alinipokea mlangoni. Cheti changu hakukitazama.

"Kamwene, binti Luvanda," alinisalimia. "Umeshawahi kufika Mbeya?"

"Kamwene, Mkuu. Nimefika. Shangazi yangu anakaa Uyole."

"Kutoka hapa mpaka Mbeya ni mbali kiasi gani?"

"Ukipanda basi asubuhi, mchana umefika. Labda liharibikie Igawa."

"Hapo umenijibu kwa barabara," alisema. "Barabara inazunguka milima, inafuata madaraja, inafuata watu walipo. Ndege haifuati watu. Kaa hapa."

Alitandaza mezani ramani ya anga, karatasi kubwa kama shuka, milima imepakwa rangi ya kahawia na vijiji karibu vyote havimo. Akanipa bikari, ile ile ya hesabu za shuleni ila hii ilikuwa na ncha mbili za chuma. Nikaweka ncha moja Iringa, nyingine Mbeya, nikaihamishia pembeni mwa ramani kusoma umbali. Maili tunazotumia sisi watu wa ndege ni maili za majini, ndefu kidogo kuliko zile za barabarani. Zilitokana na kuigawa dunia yenyewe kwa nyuzi na dakika, na ndiyo maana ramani inakusomea umbali bila kupiga hesabu nyingi.

Mchana wa siku hiyo hiyo alinifundisha muda. Ndege inakwenda ndani ya hewa, alisema, na hewa nayo inatembea. Upepo ukikupiga usoni unakurudisha, ukikupiga mgongoni unakusukuma, ukija wa ubavuni unakutoa kwenye mstari wako kidogo kidogo bila wewe kujua. Kwa hiyo kutoka Mbeya kuja Iringa na kutoka Iringa kwenda Mbeya ni umbali mmoja, lakini muda si mmoja. Halafu kuna muda wa angani peke yake, na kuna muda wa magurudumu, yaani tangu ndege inapoanza kusogea mpaka inaposimama kabisa. Abiria anaujua huo wa pili tu.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kukunja ramani.

"Bado," alisema. "Kuna hesabu moja zaidi, nayo ndiyo uliyoajiriwa kuifanya. Unachukua mafuta aliyobeba rubani, unapata saa ambayo yatakwisha. Hiyo unaiandika pembeni, huisomi kwa sauti. Watu watakuuliza ndege inafika saa ngapi. Wewe ujue pia saa ambayo, kama haijafika, haiji."

Nilikuwa na miaka ya ujana, nikaona ni maneno ya mzee anayependa kutisha wageni. Niliandika kama nilivyoambiwa.

Miaka ya mwanzo ilikuwa mizuri, sitasema uongo. Ndege zilikuwa chache: za misheni, za serikali, za kukodi. Rubani alikuja kwenye meza yangu na mpango wake wa safari, ile fomu inayosema anatoka wapi, anapita wapi, atatumia muda gani, na uwanja gani wa akiba atakimbilia akikuta kule anakokwenda hakushukiki. Mimi nilipima upya kwa bikari yangu, nikauliza upepo kwa watu wa hali ya hewa, nikapiga hesabu. Tulipishana dakika moja mbili, tukacheka. Niliolewa, nikazaa, nikarudi kazini na mtoto mgongoni, na Mkuu hakunikataza.

Rubani niliyemzoea zaidi alikuwa kijana wa Tanga, Kapteni Salehe. Baridi ya Iringa ilimtesa. Alikuwa akinywa chai yetu huku amekumbatia kikombe kwa mikono yote miwili, akisema kwao hakuna mtu anayevaa soksi. Alirusha ndege ndogo ya injini mbili ya kampuni moja ya kukodisha, ambayo siku hizi haipo.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya masika. Kapteni Salehe alikuwa amempeleka Mbeya daktari wa mifugo wa mkoa wetu, Daktari Kalinga, kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa umeingia Usangu. Walikuwa wamekaa huko siku kadhaa, na siku hiyo walitakiwa kurudi mchana, wawili tu. Mbeya walitupigia simu kwamba ameruka. Nilichukua saa ya kuruka, nikaongeza muda wa njiani, zaidi kidogo ya saa moja kwa upepo niliopewa, nikaandika saa ya kufika. Pembeni nikaandika ile saa nyingine. Ilikuwa kazi ya kawaida kabisa.

Mke wa daktari, Mama Edna, alikuwa ameshafika uwanjani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mnene kidogo mwenye sauti ya darasani. Alikuja na chupa ya chai na blanketi jekundu la Kihehe, kwa sababu mumewe alikuwa ametoka nyumbani na homa, na yeye alikuwa amemkataza asiende.

"Akishuka hapa nitamfunga kama mtoto," aliniambia. "Hata akikataa."

Kapteni Salehe alituita kwenye redio mara moja. Alisema yuko jirani na Igawa, mawingu ni mengi, atatuita tena. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nilimjibu nimekusikia. Hakuita tena.

Saa ya kufika ilipita. Hilo halikutushtua, mvua huchelewesha watu. Mkuu wa Kituo alitoka nje akasimama anatazama upande wa magharibi, akarudi, akaketi, akatoka tena. Nilimwita rubani kwenye redio nikapumzika, nikamwita tena. Tukapiga simu Mbeya kuuliza kama amerudi. Hajarudi. Tukapiga Dodoma, uwanja wake wa akiba. Hawajamsikia. Njombe tulimpata mlinzi wa uwanja, akasema anga yote imefunga na hajasikia hata mlio.

Mama Edna aliingia ofisini.

"Dada, wamefikia wapi?"

"Wamechelewa kidogo, mama. Ni mawingu."

Alirudi kwenye benchi. Baada ya muda akaingia tena, nikamjibu vilevile. Nilikuwa nikimjibu huku najizuia nisitazame saa ya ukutani, kwa sababu Mkuu alikuwa anaitazama kwa niaba yetu sote. Mshale ulifika pale nilipoandika pembeni, ukapita. Mimi na Mkuu tulitazamana.

"Mkuu," nilisema chinichini, "mafuta yameisha."

"Najua."

"Sasa tunasemaje?"

"Tunasema wamechelewa. Anaweza kuwa ameshuka mbugani mahali, Usangu kule ni tambarare. Wafugaji wanaweza kuwa naye sasa hivi wanampa maziwa. Hujui, na mimi sijui."

Mlango ulikuwa wazi. Mama Edna alikuwa amesimama hapo, blanketi mkononi. Sidhani kama alisikia tulichosema, lakini alikuwa mwalimu, na mwalimu anajua wanafunzi wanaponong'ona wananong'ona nini. Hakuuliza tena wamefikia wapi.

"Hivi ndege kama ile," alisema, "ikijazwa mafuta Mbeya, inaweza kukaa juu muda gani?"

Mkuu alifungua mdomo. Mimi nikawahi. Nilimwambia muda wenyewe, ule niliopigia hesabu, wala sikuupunguza wala kuuzungusha. Aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Nilimwona akihesabu, midomo ikisogea kidogo, kama anavyohesabu mtu wa kufundisha hesabu. Akamaliza. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akalikunja lile blanketi mara mbili, mara nne, akaliweka magotini, akaweka mikono yake juu yake. Hakulia pale. Alisema tu, "Homa yenyewe ilikuwa haijaisha."

Alipokuja shemeji yake kumchukua jua lilikuwa linazama. Tulibaki wawili. Mkuu hakunikaripia, nami nilitamani anikaripie.

"Ulimwambia kweli," alisema. "Lakini ungemwachia jioni hii moja."

Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Kuna siku naona Mkuu alikuwa sahihi, kwamba ile jioni ilikuwa mali ya yule mama na mimi nilimnyang'anya. Kuna siku naona kama nisingemjibu angekuwa amekaa kwenye benchi letu anamsubiri marehemu na chai. Sijapata jibu, na watu wawili ambao ningewauliza hawapo tena duniani.

Kazi ya kutafuta ilianza asubuhi. Mimi ndiye niliyechora eneo kwenye ramani. Unaanza na pale alipoita mara ya mwisho, unachukua mwendo wake, unachukua upepo, unasema kama alipotea mstari basi upepo umemsukumia upande huu. Upepo wa siku ile, kwa maelezo tuliyopewa, ulikuwa unatoka kusini mashariki. Kwa hiyo alisukumwa kaskazini, kuelekea mbuga za Usangu. Hesabu niliirudia, Mkuu akairudia, na mtaalamu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam akairudia na kalamu yake mwenyewe. Sote watatu tulipata eneo lile lile.

Ndege ya kutafuta ilizunguka juu ya Usangu. Chini waliingia polisi na wanavijiji wa Kisangu, na wafugaji wa Kisukuma waliohamia kule na ng'ombe wao. Daktari Kalinga alikuwa amewachanjia mifugo juzi yake tu. Walitembea kwenye maji yanayofika kiunoni, siku baada ya siku. Mzee mmoja wao alifika mpaka uwanjani kwetu kwa lori, matope yamemkaukia miguuni, kuuliza kama ramani inaonyesha mahali pengine ambapo hawajapita. Nilimwonyesha. Alinisikiliza kwa adabu sana, akaniambia, "Hapo tumeshapita, binti yangu. Hapo tumepita mara mbili."

Mwishowe utafutaji ulisimamishwa. Familia ya Daktari Kalinga ilikaa matanga bila mwili. Kutoka Tanga alikuja baba yake Kapteni Salehe, mzee mdogo wa umbo mwenye kofia, akakaa kwetu siku kadhaa akitetemeka kwa baridi kama mwanawe, kisha akapanda basi akarudi.

Masika ilipokuwa inaishia, wanawake waliokwenda kuchuma uyoga kwenye milima ya Kipengere waliiona ndege. Kipengere iko kusini. Kapteni alikuwa ameyakwepa mawingu kwa upande wa kulia, kwenda milimani, wakati sisi tulikuwa tunamtafuta kushoto. Pengine upepo juu kule haukuwa ule tuliopewa. Pengine aliona uwazi kati ya mawingu akaufuata. Hakuna aliyekosea, uchunguzi ulisema hivyo, na mimi nasema hivyo. Lakini madaktari walioutazama mwili walisema Daktari Kalinga hakufa siku ile. Alikuwa amejivuta kutoka kwenye ndege, akakaa chini ya jiwe, akajifunika koti la rubani. Hakuna aliyeweza kusema alikaa pale muda gani.

Mama Edna alikuja ofisini baada ya mazishi. Alisema, "Nionyeshe." Nilitandaza ramani. Nikamwonyesha mahali tulipotafuta na mahali alipokuwa. Aliweka vidole vyake katikati ya sehemu hizo mbili. Vidole vinne vilitosha.

"Karibu hivi," alisema.

Kwenye ramani palikuwa karibu.

Baada ya hapo nilifanya kazi kama mtu anayechota maji kwa sababu ndoo iko mkononi. Mkuu wa Kituo alistaafu, akarudi Njombe kwenye viazi vyake, na mimi nikahamishiwa Mbeya, uwanja wa zamani ule wa mjini. Meneja wa Uwanja alikuwa mtu wa suti, mkali wa usafi, aliyependa kusema, "Hapa tunatoa huduma, hatutoi maelezo." Mbeya ilinifundisha ukungu. Asubuhi wingu linashuka kutoka mlimani linakaa juu ya njia ya kurukia kama kifuniko cha sufuria, na ndege iliyosafiri vizuri kutoka Dar inazunguka juu, inasubiri, inarudi. Abiria wanakuja dirishani kwangu kulalamika kwamba tuliwaambia saa fulani. Niliwaeleza kwamba muda niliopima ni wa njia, si wa kushuka. Hakuna aliyeelewa, na kwa kweli sikuwalaumu.

Kisha kompyuta zikaja. Kijana aliyeletwa kutufundisha, mpole sana, aliandika majina ya viwanja viwili, akabonyeza, na umbali ukatokea pamoja na muda, mafuta na upepo wa kila tabaka la anga. Alinigeukia.

"Umeona, mama? Huna haja tena ya kuchora."

"Upepo huo unautoa wapi?" nilimuuliza.

"Unatoka kwenye mitambo, mama. Wanaupima na wanaukadiria."

Nilimwambia vizuri sana, maana ilikuwa vizuri. Mashine ile ilikuwa bora kuliko mimi kwa kila kitu. Nilichojiuliza ni kama siku ile ya masika ingetupeleka Kipengere. Nadhani ingechora eneo lile lile, ila haraka zaidi.

Uwanja ukahamia nje ya mji, upande wa barabara ya Tunduma, njia ndefu ya lami na ndege kubwa zenye viti vingi. Nilimaliza utumishi wangu pale, kwenye chumba chenye kiyoyozi kisichohitajika Mbeya. Siku ya kuniaga Meneja mpya alisema nimeitumikia anga kwa uaminifu. Walinipa kanga, jokofu dogo na picha yangu kwenye fremu. Nilirudi Uyole, kwenye nyumba aliyoniachia shangazi, nikalima mahindi na maharage.

Vijana huniuliza kazi ile ilikuwaje, na wengine wananionyesha kwenye simu zao kwamba hata wao wanaweza kupima Mbeya mpaka China kwa kidole. Ni kweli wanaweza. Ninachowaambia hakiwafurahishi. Nawaambia nilitumia maisha yangu kuwaambia watu muda wa kufika, na sijawahi kumfikisha mtu hata mmoja. Umbali unapimika. Mtu aliye mwisho wa umbali ule hapimiki, na ndiye peke yake watu wanayemuulizia.

Mwaka huu Mama Ambwene, jirani yangu, alifiwa na mwanawe aliyekuwa akifanya kazi ya ghala Arabuni. Alifia hospitali kule kwa ugonjwa wa figo, na ilichukua muda mrefu mpaka waajiri wake wakaruhusu mwili wake usafirishwe. Wazee wa msiba walikuja kwangu na viti vyao.

"Mama, wewe ni mtu wa ndege," walisema. "Tuambie kijana anafika saa ngapi, ili wachimbaji waanze."

Sikutaka. Lakini huwezi kukataa kazi ya msiba. Nilichukua karatasi, nikapima Arabuni mpaka Dar es Salaam, nikaweka muda wa kubadilisha ndege, nikapima Dar mpaka Mbeya, nikawapa saa. Nikawaambia pia kuhusu ukungu. Waliitikia kwa vichwa, wakaondoka na ile saa tu.

Tulimzika siku moja baadaye kuliko nilivyowaambia, na alifika kwa barabara, usiku kucha kupitia Iringa na Igawa nyuma ya gari la kukodi. Walioshika majembe walikuwa wamechoka na waliolia walikuwa wameshalia. Lakini ninayoikumbuka ni ile siku ya kwanza, pale uwanjani.

Tulikuwa tumekuja wengi, na kwaya ya kanisa ikiwa na sare zake. Wingu lilikuwa limeshuka, huoni hata uzio wa pili. Saa niliyowapa ilipofika, tukasikia ndege. Ilikuja kwa dakika ile ile niliyoiandika. Watu walinigeukia kwa heshima, na mwalimu wa kwaya akainua mkono, wakaanza kuimba wimbo wa kumpokea.

Mlio ulipita juu yetu ukaenda kuelekea mlimani, ukarudi, ukapita tena. Nilijua rubani anatafuta uwazi. Ukapita mara nyingine, juu zaidi. Halafu nikausikia ukigeuka mashariki na kunyooka, na injini zikibadilika sauti kama zinavyobadilika ndege inapopanda.

Mama Ambwene alinishika mkono.

"Inashuka?"

"Hapana, mama. Wamerudi naye Dar."

Aliendelea kunishika. Kwaya ilikuwa bado inaimba, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nikamwacha Mama Ambwene kwa dada yake, nikatembea mpaka kwa mwalimu wa kwaya, nikamgusa bega. Walinyamaza mmoja mmoja, wa mwisho akiwa msichana wa sauti ya kwanza aliyekuwa amefumba macho. Walipokwisha kunyamaza, tukaisikia ndege vizuri zaidi, inavyokwenda.